Meli inasimama Mombasa siku moja tu, nataka kumtembeza mama pwani sisi wenyewe, inawezekana?

BintiWaKahama

Wakuu habarini. Naombeni ushauri kwa wenyeji wa Mombasa na yeyote aliyewahi kupanda hizi meli za kitalii. Mimi ni nesi, niko Leeds huku mwaka wa tisa sasa, nimejibana miaka miwili nikamlipia mama safari, tunapandia Mauritius, tunapita Seychelles, siku mbili baharini, halafu Mombasa, Zanzibar, mpaka Durban. Mama ni mtu wa Kahama, maji makubwa aliyowahi kuyaona ni ziwa pale Mwanza, na goti la kulia linamsumbua kwa hiyo ngazi nyingi hapana.

Mombasa tunafika saa moja asubuhi, meli inaondoka saa kumi na mbili jioni ila wote tuwe ndani saa kumi na moja na nusu. Meli wanauza ziara zao za basi lakini bei yake jamani, kwa watu wawili ni matumizi yangu ya mwezi, tena unatembea na kundi la watu arobaini, mnashushwa dakika ishirini mnapandishwa. Nataka tutoke wenyewe, lugha tunayo, tunashindwaje?

Mama ana mambo mawili tu, kukanyaga maji ya chumvi na kununua kanga "kule kule kwenye kanga". Mimi nataka magofu ya Gede ambayo nayasikia tangu shule, na ile Diani kila mtu anayoisifia. Nimeangalia ramani naona yote ni pwani hiyo hiyo, nikawaza asubuhi Gede, mchana tunateremka Diani tunaogelea, saa kumi tuko melini. Imekaa sawa?

Mvita_Asilia

Dada karibu sana, nimecheka lakini si kwa ubaya. Mombasa ni kisiwa, na meli yenu yafunga Kilindini, hapo hapo kisiwani. Gede iko kaskazini, kilomita 100 na ushee, wapita Nyali, Mtwapa, Kilifi ndio ufike. Diani iko kusini ng'ambo ya feri ya Likoni, kama kilomita 30 na kitu. Nyie mko katikati. Hiyo safari yako ni ya mtu mwenye helikopta.

Gede nzuri wallahi, mji mzima wa mawe ndani ya msitu, msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima, na 2024 UNESCO wameuingiza kwenye urithi wa dunia. Lakini hiyo barabara ya kaskazini siku njema ni masaa mawili, siku ya Mtwapa kuwa na jamu usiniulize. Enda, rudi, nusu ya siku imeliwa na barabara, nawe waangalia magofu huku roho iko juu juu. Na goti la mama hilo, kule ni kutembea kwenye mizizi na mawe. Iwache Gede, itakungoja, imengoja tangu karne ya kumi na saba ilipohamwa.

Kama roho yataka magofu lazima, kuna Jumba la Mtwana hapo ukivuka tu daraja la Mtwapa, padogo, pana mibuyu na msikiti uko ukingoni mwa bahari kabisa. Watu wengi hawapajui. Lakini mimi ningewaambia msitoke mbali na kisiwa.

sonko_wa_syokimau

Diani inaendeka bana msimtishe. Hiyo story ya feri ni ya zamani, siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu, mnatoka na gari kupitia Changamwe, mnakata Miritini, daraja kubwa mbili tatu juu ya maji, mnatokea huko Kibundani kwa barabara ya Ukunda bila kuona feri hata kwa macho. Mimi Disemba nilitoka stesheni ya treni ya SGR hapo Miritini nikafika Diani kabla supu ipoe. Mchanga wa Diani hauna mpinzani, hizo bichi za kaskazini ni kama mtu amekuchotea tu ndoo ya mchanga.

Mvita_Asilia

@sonko_wa_syokimau ndugu yangu wewe ulitokea Miritini, tayari uko mdomoni mwa Dongo Kundu. Huyu atokea ndani ya bandari. Kutoka Kilindini mpaka Miritini ndiko kuliko na malori yote ya kontena yaendayo Nairobi na Uganda, Changamwe ikishika imeshika. Sisemi Diani haiendeki. Nasema aende mtu mwenye miguu mizima na moyo mgumu.

Na hiyo feri usiidharau. Kwa miguu ni bure na kuvuka kwenyewe ni dakika kumi tu, tena asubuhi umati watoka Likoni kuja mjini na jioni warudi, kwa hiyo mgeni anayekwenda Diani asubuhi awapa watu mgongo. Shida ni gari, gari laweza kukaa foleni saa nzima na zaidi. Na jambo ambalo watu hawaliwazi, huo mkono wa bahari ambao feri yauvuka ndio huo huo meli zote zaupita kuingia na kutoka Kilindini. Meli kubwa ikipita feri husimama. Sasa fikiria umechelewa, uko Likoni ndani ya feri umeshika viatu mkononi, feri yasimama kupisha meli, wainua macho, ndiyo meli yako.

BintiWaKahama

Mvita umenitoa jasho hapo mwisho 😂 sawa Gede nimefuta, Diani nimeitia mabano. Lakini mama na maji ya chumvi je? Na kuna mtu anajua meli ikikuacha inakuwaje, maana mimi paspoti zetu nasikia wanazishika wao.

MpishiWaMelini

Nimefanya kazi jikoni kwenye hizi meli miaka kumi na moja, nikajibu hilo la mwisho maana ndilo la muhimu kuliko mchanga.

Ukienda na ziara ya meli, basi likichelewa meli inasubiri, hiyo ndiyo unayolipia kwa kweli, si kuiona Fort Jesus, ile ngome ya kale. Ukitoka mwenyewe haikusubiri. Nahodha ana muda aliopangiwa na rubani wa bandari, yule anayeitoa meli, na kukaa gatini ni pesa. Muda ukifika wanahesabu kadi, kila aliyetoka kadi yake imesomwa pale mlangoni kwa hiyo wanajua nani hayupo, wanaita jina kwenye spika, kisha watu wanaingia chumbani kwako wanafungua sefu kutafuta paspoti na dawa, vinakabidhiwa kwa wakala wa meli pale bandarini, ngazi inavutwa. Kuanzia hapo nauli ya kuifuata meli bandari inayofuata ni juu yako. Nimeshuhudia mzee mmoja na mkewe wamesimama gatini na mifuko ya vinyago, meli imeachana na gati labda mita tano hivi, mke anapunga mkono, mume amekaa chini kabisa. Abiria wa juu walikuwa wanapiga makofi na kurekodi, mimi sikuweza kucheka.

Kwa hiyo fanya hivi. Kila jioni wanaleta karatasi ya ratiba chumbani, pale kuna jina na namba ya wakala wa bandari, ipige picha. Tembea na kopi ya paspoti, na paspoti yenyewe uulize dawati kama wanakupa kwa siku hiyo. Dawa za mama za siku mbili ziwe kwenye mkoba wako, si chumbani. Suala la eTA ya Kenya, kile kibali cha kuingia cha mtandaoni, ulizia kampuni mapema, kama mama ana paspoti ya Tanzania yeye hana neno, wewe kama ulishachukua ya Uingereza ndiyo uulize.

Halafu SAA. Mnatoka Seychelles, kule wako mbele ya Kenya kwa saa moja. Meli nyingi zinarudisha saa usiku ule kabla ya kufika, nyingine nahodha anaamua aiache hivyo hivyo mpaka baadaye. Ikiachwa, saa kumi na moja na nusu ya meli ni saa kumi na nusu ya Mombasa, na simu yako ikishika tu mtandao wa Kenya inajibadilisha yenyewe bila kukuuliza. Hao wanaokimbia gatini nusu yao si wazembe, ni simu imewadanganya. Angalia saa ya ukutani pale mlangoni unapotoka, ulinganishe na simu, hapo hapo.

tuktuk_ya_kibokoni

Dada mimi ni dereva nitakwambia kwa ufupi niko na mteja. Ndani ya bandari hamwachiwi kutembea ovyo, mara nyingi kuna basi la kuwatoa mpaka getini. Pale getini mtapata matexi wanawaita kwa dola, mtabasamu mtapita. Mkiongea Kiswahili chenu cha Tanzania bei inashuka yenyewe lakini bado mtaambiwa elfu, tuktuk kutoka hapo mpaka Forti ni mia mbili mia tatu. Badilisheni pesa mapema mpate noti ndogo, mia, mia mbili, ukitoa elfu utaambiwa chenji hakuna.

Maji ya chumvi, msiende Mama Ngina kwa hilo. Mama Ngina pazuri pa kukaa, bahari unaiona yote na mihogo ya kukaanga na pilipili na madafu, lakini pale ni mwamba, maji yako chini. Mama apelekwe Pirates, kule Bamburi, ni bichi ya umma hakuna kiingilio, tuktuk inashuka mpaka karibu na mchanga hakuna ngazi. Ni kilomita kama kumi tu kutoka mjini unavuka daraja la Nyali. Muende asubuhi kwanza kisha mrudi kisiwani mchana mzima, mkishavuka Nyali kurudi hakuna tena daraja wala feri kati yenu na meli, hata ikibidi kutembea mnatembea.

Mvita_Asilia

Huyo mwisho amemaliza kila kitu. Mbali kwanza, karibu baadaye.

Nami naongezea maji. Tazama mwezi wa siku hiyo. Ikiwa ni bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, huku maji hupwa saa nne saa tano asubuhi, na Pirates ikipwa bahari yaenda mbali kweli, mama atatembea juu ya mwani na mawe mpaka aione. Siku kama hiyo fikeni mapema, saa mbili, maji bado hayajakimbia. Ikiwa maji mafu, yasiyopwa mbali, basi haina shida saa yoyote.

Na mifuko ya nailoni iacheni melini, Kenya ilipiga marufuku tangu 2017, wageni wengi wanaaibishwa nayo mlangoni.

UmmiKulthum_wa_Ndia_Kuu

Assalam aleikum. Wanaume wameongea barabara na feri, hakuna aliyemjibu mama wa watu habari ya kanga.

Mama yangu, kwetu twaita leso, ukisema kanga wauzaji watajua wewe wa Tanzania na watakuuliza habari za Dar, hamna ubaya. Nendeni Biashara Street, iko karibu na Marikiti, maduka yamepangana pande mbili, mengine ya familia vizazi na vizazi. Huuzwa pea, mbili pamoja hazijakatwa, ile mnayoita doti, nje hapo mlangoni kuna mafundi cherehani wanakukatia na kupinda ukingoja. Asikubali ile ya kwanza kuonyeshwa. Mwambie muuzaji aifungue yote aone jina lake, ule msemo ulioandikwa, maana leso ni jina, rangi utazizoea. Kisha mfikirie siku: Ijumaa kuanzia saa sita na nusu wengi hufunga kwa sala, Jumapili mtaa umelala.

Halafu hapo hapo mko karibu na Mji wa Kale. Asubuhi kabla ya yote kuleni mahamri na mbaazi za nazi. Fort Jesus muingie hata kama goti linauma, uwanja wa ndani ni tambarare na mama aweza kukaa chini ya mti, si lazima apande kwenye kuta. Ilijengwa na Wareno kuanzia 1593, na Waomani waliizingira kuanzia 1696 mpaka 1698 ndio wakaitwaa, karibu miaka mitatu watu wamo ndani wanakufa kwa maradhi na njaa. Nilipoenda na wanangu walikuwa hawashiki keshi, unalipa kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, muwe na kadi. Na Waafrika Mashariki wana bei yao, semeni.

Mkitoka Forti mwingie Mji wa Kale taratibu, msikiti wa Mandhry ule wenye mnara mnene chini mwembamba juu, mshuke mpaka bandari ya kale mtazame jahazi. Mjistiri kidogo tu, bega na goti, si zaidi. Msipige watu picha bila kuomba. Wale vijana watakaojitoa kuwa wenyeji wenu, mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza au muwaambie ahsante, twaenda kwa shangazi. Mimi hilo la shangazi halijawahi kuniangusha.

BintiWaKahama

Jamani mmenimalizia kazi. Nitarudi kuwapa mrejesho, tunasafiri mwezi ujao.

BintiWaKahama

Nimerudi wakuu. Nawaandikia tuko baharini kwenda Durban, intaneti ya humu inauzwa kama dhahabu kwa hiyo mtanisamehe nikikatika.

Tulitoka saa moja na dakika arobaini. Saa ya ukutani nililinganisha kama alivyosema Mpishi, walikuwa wameirudisha usiku, ikawa sawa na simu. Getini waliniita dola kweli, mama akawajibu kwa Kisukuma, wakanyamaza. Tukapata tuktuk mpaka Pirates na kurudi, dereva akatusubiri, nikampa elfu mbili na mia tano na hakuna aliyelalamika, mtaniambia kama nimeibiwa.

Pirates saa mbili na nusu hakuna watu, vijana wanapanga maboya ya kukodisha na ngamia mmoja amelala. Maji yalikuwa yameanza kurudi nyuma lakini bado yapo. Mama alivua kandambili akazishika, akakunja kitenge, akasimama pale mchanga unapolowa. Wimbi la kwanza likamfika kwenye vifundo akarudi nyuma hatua mbili, nikajua basi anaogopa. Hapana, aliinama, akachota kwa kiganja, akaonja. Akatema. Akanigeukia akasema "kumbe hawakutudanganya". Akachota tena. Nilikuwa na chupa ya maji ya kunywa nusu, akaimwaga yote mchangani akajaza bahari, anapeleka Kahama kwa dada yake ambaye haamini. Hiyo chupa mpaka sasa iko chumbani imefungwa na gundi.

Mahamri tulikula Mji wa Kale saa nne, ikawa ndiyo chakula cha mchana pia maana mama alikula matano. Fort Jesus aliingia, hakupanda kuta, alikaa kwenye kivuli na mlinzi mmoja mama mwenzake wakaongea habari za magoti saa nzima, mimi nikazunguka peke yangu mpaka chumba chenye vitu vya ile meli ya Wareno iliyozama hapo mbele 1697. Gede bado inaniuma lakini sawa.

Biashara Street ndiyo iliyotaka kutuacha Mombasa. Nilimsomea mama ule ushauri wa Ummi kwamba leso ni jina, nikajuta. Kila moja ifunguliwe, asome kwa sauti, duka zima linasikiliza. "Wamdhaniaye ndiye siye", hiyo akaikataa akasema ukimpa mtu hiyo umetangaza vita, kisha baada ya maduka mawili akairudia akainunua, nikamuuliza ya nani, akasema ninyamaze. "Sisi sote abiria dereva Mungu" hiyo alichukua doti mbili, moja ya mchungaji wake. Muuzaji alichoka akaletewa kahawa, na mama akaletewa.

Sasa katikati ya hapo fundi anapinda ya saba, mama anaangalia mkono anapiga ukelele "saa kumi na moja hii!" Nikasikia miguu imekufa. Nilishika mifuko nikatoka mbio mpaka barabarani nikasimamisha tuktuk, ndani ya tuktuk natazama simu, saa kumi kamili. Ile saa yake ya mkononi ilikuwa bado iko Seychelles. Tukarudi kumlipa fundi, alikuwa amesimama mlangoni na leso zetu mkononi anacheka.

Saa kumi na robo tatu tulikuwa ndani. Meli ilivyotoka tulikaa juu upande wa Likoni, na feri mbili zilikuwa zimesimama kweli kutupisha, zimejaa watu wanaorudi nyumbani, hakuna pa kuweka hata unyoya. Mama aliwapungia na ile doti ambayo haijakatwa. Wachache wakapunga. Mimi nilikuwa nawatazama mmoja mmoja kama kuna aliyeshika viatu.

UmmiKulthum_wa_Ndia_Kuu

Mashaallah. Jumla mmenunua pea ngapi?

BintiWaKahama

Ninazoambiwa ni nane. Juzi Zanzibar nimefungua begi kutafuta chaja nimehesabu kumi na moja.